Watoto wa kusinzia kichwa Kitgum na Pader: ni inzi, ni vita, au ni chakula?

#1 Binti_Pader
Habari za jioni wanajamvi. Nina swali, naomba majibu ya watu wanaojua.

Mnaukumbuka ugonjwa wa kusinzia kichwa uliowapata watoto wa Acholi, kaskazini mwa Uganda, hasa Kitgum, Pader na Lamwo? Mwaka 2012 kila redio iliuzungumzia, wabunge wakapiga kelele, wizara ikafungua vituo vya matibabu. Baadaye kimya. Wale watoto sasa ni watu wazima. Mmoja ni mtoto wa shangazi yangu. Ndevu zimeota, lakini ukimtuma dukani vitu vitatu atarudi na kimoja, na kila siku lazima ameze dawa. Juzi msibani wazee wakaanza tena. Huyu anasema inzi weusi wa mtoni wanaoeneza minyoo ya upofu, yule anasema mabomu, mwingine unga wa msaada uliooza kambini. Mama mkubwa akasema ni cen, roho za waliouawa wakaachwa bila kuzikwa. Na kila mmoja ana uhakika wake.

Ni nini hasa kiliuharibu ubongo wa watoto hawa? Na kwa nini watoto tu?

#2 Kijana_wa_Bombo
Natandika mkeka hapa mapema. Mwiteni Musawo_Mbale.

#3 Afande_Mstaafu
Binti, shikamoo ya mzee wako nimeipokea hata kama hukuituma. Mimi nilikuwa kaskazini miaka ya vita vya waasi wa Kony. Watu walirundikwa kambini, vibanda vimebanana hadi paa linagusa paa. Kufikia 2005 waliohamishwa walikuwa karibu milioni 1.8. Maji machafu, moshi, baruti kila mahali. Kabla ya vita wazee wa kule hawakuujua ugonjwa huu. Vita vikaja, nao ukaja. Sasa mtu ananiambia ni inzi? Inzi walikuwepo tangu enzi za babu zao. Mimi nasema ni sumu ya silaha mpaka anionyeshe mtu vinginevyo.

#4 Musawo_Mbale
Niko hapa. Nimetoka zamu ya usiku, mnivumilie nikirefusha.

Tuanze na kinachojulikana. Kile kichwa kinachoanguka si usingizi, wala si uvivu kama walimu wengine walivyodhani. Ni kifafa. Mwaka 2009 wataalamu wa Marekani na wenzao wa wizara yetu walikuja Kitgum, wakawawekea watoto vipimo vya umeme wa ubongo huku wakipima misuli ya shingo. Wakaona kwamba kila kichwa kikianguka, umeme wa ubongo unavurugika wakati huohuo, na misuli ya shingo inalegea kwa nukta moja. Mtoto anainua kichwa, kinaanguka tena, mara 5 hadi 20 kwa dakika.

Na mara nyingi huanza akiwekewa chakula. Nimemwona mtoto wa namna hiyo: sahani ya posho na maharagwe iko mbele, tonge liko mkononi, kidevu kinashuka mpaka kifuani, macho yako wazi lakini hayakuoni, tonge linadondoka mkekani. Dada yake analiokota anamrudishia kiganjani, na yeye anaendelea kutafuna kama hakuna kilichotokea. Baridi pia huamsha hali hiyo, ndiyo maana mama wengi waliiona asubuhi.

Kuhusu umri: wengi huanza kati ya miaka 5 na 15. Hapo ubongo umeshafikia karibu ukubwa wake wote, lakini mawasiliano ya ndani bado yanapangwa upya. Ukiuvuruga wakati huo, mtoto anapoteza kusoma, kuongea vizuri, hata kukua. Picha za MRI za baadhi yao zilionyesha ubongo umesinyaa, pamoja na sehemu ya nyuma inayoongoza mwendo.

Afande, kwa heshima zote: sumu ya silaha ingewapata wazazi pia, kwa sababu walivuta hewa ileile na kunywa maji yaleyale. Na wachunguzi walitafuta metali nzito pia, hawakupata jibu huko.

#5 Kijana_wa_Bombo
Asante Musawo. Lakini nieleze kitu. Tunaambiwa binadamu anatumia asilimia 10 tu ya ubongo. Hiyo 90 iliyobaki haiwezi kuchukua kazi ya iliyoharibika?

#6 Musawo_Mbale
Hiyo asilimia 10 ni uongo uliozeeka, ndugu yangu. Hakuna sehemu ya ubongo iliyolala tu ikingoja kuitwa. Ubongo una uzito wa kilo 1.3 au 1.4 hivi, kama asilimia 2 ya mwili, lakini unakula karibu asilimia 20 ya nguvu yote ya mwili, hata ukiwa umelala. Mwili usingelisha hivyo kiungo kisichofanya kazi.

Ni kweli kwamba sehemu jirani zinaweza kujifunza kazi ya iliyokufa, hasa kwa mtoto. Ndiyo maana waliopata kiharusi hufanyishwa mazoezi. Lakini kifafa kinaporudi kila siku hiyo nafasi haipatikani. Chembe za neva zinatakiwa kuongea kwa zamu. Kwenye kifafa zinapiga kelele zote pamoja kama makondakta wa stendi ya Old Taxi Park, Kampala, saa kumi na moja jioni, na hakuna ujumbe unaofika.

#7 Boda_Gulu
Hizo chembe ziko ngapi kwani?

#8 Msomi_Makerere
Bilioni 86 hivi. Zamani vitabu viliandika bilioni 100, mpaka mwanasayansi wa Brazil, Suzana Herculano-Houzel, na wenzake walipozihesabu na kutangaza mwaka 2009. Cha ajabu, karibu bilioni 69 ziko kwenye ule ubongo mdogo wa nyuma ambao Musawo amesema husinyaa.

#9 Mpogoro_Kampala
Wakuu, mimi ni Mtanzania, nafanya kazi Kampala. Nimesoma bandiko la Afande #3 nikaona niseme. Kwetu Mahenge, wilaya ya Ulanga, ugonjwa huu ulikuwepo kabla hamjausikia. Daktari Louise Jilek-Aall, mzaliwa wa Norway, alifungua kliniki ya kifafa kule na kuwaelezea watoto wanaosinzia kichwa tangu miaka ya 1960. Wagonjwa walikuwa wanatengwa, wanakula peke yao, watu wakiogopa mate yao. Wengine walianguka kwenye moto wa jikoni, na hakuna aliyethubutu kuwagusa kuwatoa.

Sasa Afande, Mahenge hakukuwa na vita. Hakukuwa na kambi wala unga wa msaada. Lakini mito ya kasi ipo, na usubi, ndio hao inzi weusi wa minyoo, upo tele. Bibi yangu ngozi ya miguu ilikuwa na mabaka kama ya chui kwa sababu ya minyoo hiyo.

#10 Mwalimu_Arua
Nimefuata uzi toka juu. Hoja ya inzi naielewa, lakini haijanitosha. Mimi ni wa West Nile. Inzi weusi tunao, ugonjwa wa mtoni tulikuwa nao, wazee vipofu tuliwaona wakiongozwa na wajukuu kwa fimbo. Mbona watoto wetu wa Moyo na Adjumani hawakusinzia kichwa kama wa Pader? Afrika Magharibi nchi nzima nzima ziliteseka na upofu huo. Wako wapi wao wa kusinzia? Kama minyoo ndiyo chanzo, ilitakiwa kuzaa ugonjwa uleule kila mahali.

#11 VHT_Lamwo
Mwalimu, swali lako tunalisikia mara nyingi, nami nalijibu kama mtu anayegawa dawa yenyewe kijijini.

Mectizan, dawa ya minyoo hiyo, tunagawa kwa fimbo ya kupimia. Ni ubao mrefu wenye alama za rangi. Mtu anasimama, visigino ukutani, ninaangalia kichwa kimefika alama ipi, hapo najua ni kidonge kimoja, viwili, vitatu au vinne. Asiyefika sentimita 90 hapati. Mjamzito hapati. Kidonge kinamezwa mbele yangu, kisha naandika kwenye daftari.

Kwenu West Nile kazi hii ilianza miaka ya 1990. Sisi Acholi miaka hiyo nani angezunguka vijijini na fimbo? Barabara zilikuwa na mabomu ya ardhini. Minyoo mikubwa huishi chini ya ngozi zaidi ya miaka 10, na vitoto vyake hutembea mwilini. Kidonge kinaua vile vitoto, mama mwenyewe habaki tasa milele, kwa hiyo ni lazima kurudia. Sisi tulikosa miaka mingi mfululizo. Mtoto aliyezaliwa kambini karibu na Aswa au Pager aliumwa na inzi tangu anatambaa. Na ng'ombe walikuwa wameporwa wote. Inzi aliyekuwa akigawana damu kati ya ng'ombe na mtu, akabakiwa na mtu peke yake.

Hiyo ya ng'ombe ni maoni yangu. Lakini kwa hapa Afande hajakosea kabisa. Vita vimo humu, si kwa sumu ya silaha, bali kwa kutuzuia kupata dawa.

#12 Mwalimu_Arua
Sawa, hilo la dawa limeniingia. Afrika Magharibi je?

#13 Msomi_Makerere
Mwalimu, huko wengi walikuwa hawaangalii kichwa, walikuwa wanahesabu vipofu. Walipoanza kuangalia, kwenye bonde la Mbam nchini Cameroon walikuta kifafa kingi, na hata watoto wachache wa kusinzia. Pia huko Cameroon walirudi kwenye vijiji ambako watoto walipimwa minyoo miaka mingi nyuma, wakakuta aliyekuwa na vitoto vingi vya minyoo utotoni ndiye aliyekuwa na hatari kubwa zaidi ya kupata kifafa baadaye. Hata hapa kwetu, Kabarole, miaka ya 1990 kifafa kilionekana zaidi vijiji vya karibu na inzi.

Tatizo liko hapa: minyoo yenyewe haionekani ndani ya ubongo. Wamefungua bongo za waliofariki, hawakuikuta. Kwa hiyo inafanyaje? Mwaka 2017 likatoka jibu zuri sana: mwili wa mtoto unatengeneza kingamwili za kupigana na minyoo, na kingamwili hizo zinakosea, zinashambulia protini ya neva inayofanana na ya minyoo. Wengi tulidhani kesi imekwisha. Wengine walipojaribu kupima tena hawakuona tofauti kubwa kati ya wagonjwa na wazima. Halafu uchunguzi wa bongo za vijana wa hapa Uganda ukaonyesha mabonge ya protini ya tau, ileile inayopatikana kwa wazee wenye Alzheimer na mabondia waliopigwa sana kichwani. Sasa swali ni je, tau ndiyo ilileta kifafa, au kifafa cha miaka mingi ndicho kilichoacha tau? Hapo maprofesa bado wanavutana.

#14 Jinja_Mtoni
Mbona hakuna anayetaja Nakalanga? Sisi wa huku tunasimuliwa na wazee. Pembeni ya msitu wa Mabira kulikuwa na watoto waliodumaa, mtu wa miaka 20 ana mwili wa mtoto, wengine wana kifafa na akili nzito. Watu walisema ni roho ya msituni. Mwaka 1950 madaktari wawili waliandika kuihusu na kuonyesha kwamba iko pale penye ugonjwa wa inzi. Miaka hiyohiyo serikali ya kikoloni ikamwaga DDT kwenye Nile hapa Jinja kuwaua inzi wa maporomoko. Nenda leo Jinja uulize nani kaona mtoto wa Nakalanga. Hawapo.

Na waliosoma kesi za Kitgum wanasema watoto wengi wa kusinzia nao walidumaa hivyohivyo na kuchelewa kubalehe. Mimi naona ni ugonjwa mmoja wenye sura mbili.

#15 Musawo_Mbale
Jinja_Mtoni umeleta kitu muhimu sana. Naongeza kidogo: huku kwetu Elgon inzi walikuwa wa aina nyingine, na vifaranga vyao vilikua juu ya migongo ya kaa wa mtoni. Mito tofauti, inzi tofauti, ndiyo maana njia ya kuwaua haifanani.

#16 Kijana_wa_Bombo
Juu ya mgongo wa kaa! Banange. Mungu fundi.

#17 Afande_Mstaafu
Nimewasoma wote. VHT umenipa heshima yangu, asante. Ila mnieleze hili. Inasemwa mto ulinyunyiziwa dawa ya kuua inzi na vidonge vikaanza kugawiwa mara mbili kwa mwaka kuanzia 2012, wagonjwa wapya wakapungua mpaka karibu kuisha. Ni kweli. Lakini bunduki zilinyamaza 2006. Watu wakatoka kambini, wakalima, watoto wakala malakwang na odii badala ya unga wa gunia. Nani ametenganisha faida ya dawa na faida ya amani? Vyote vimekuja karibu karibu. Mnampa sifa kidonge peke yake.

#18 Msomi_Makerere
Afande, hoja hiyo hata wanasayansi wengine wanayo. Wapo wanaosema chanzo ni surua waliyougua wakiwa wachanga kwenye msongamano wa kambi, wapo wa kuvu kwenye chakula. Vitamini B6 nayo ilitajwa sana, ila upungufu ulikutwa kwa wagonjwa na wazima vilevile, kwa hiyo peke yake haielezi. Mimi naegemea upande wa minyoo kwa sababu ya Mahenge na Cameroon. Lakini sitakudanganya kwamba imethibitishwa jinsi inavyofika kwenye ubongo.

#19 Mpogoro_Kampala
Na Mahenge hakukuwa na kambi, narudia.

#20 Afande_Mstaafu
Na Mahenge hamkupata maelfu ndani ya miaka michache, nami narudia. Huku walihesabiwa kama 3,000.

#21 Boda_Gulu
Wakati mnabishana, mimi nina la barabarani. Mwezi uliopita abiria wangu alianguka kifafa pale stendi. Watu wakakimbia wakisema usimguse, akikutemea mate au akijamba nawe utakipata. Mwingine analeta kijiko amtie mdomoni, mwingine anamnusisha kiatu. Mimi nilimshika mikono kwa nguvu asijiumize. Nilifanya vizuri?

#22 Musawo_Mbale
Ulifanya vizuri kutokimbia. Lakini usimshike kwa nguvu, unaweza kumvunja mfupa. Kijiko hapana kabisa, kinavunja meno na kuziba njia ya hewa, na ulimi haumezwi. Ondoa vitu vigumu karibu, weka kitambaa au jaketi lako chini ya kichwa, mtazame saa. Mtikisiko ukiisha mlaze kwa ubavu ili mate yatoke. Ukipita dakika 5, au akirudia bila kupata fahamu, hapo ni hospitali haraka. Na kifafa hakiambukizi kwa mate wala kwa hewa. Andikeni hilo kwenye helmeti zenu. Na mzivae, zisining'inie kwenye usukani, kwa sababu wagonjwa wengi wa kichwa tunaowapokea ni wa boda.

#23 Dada_wa_Kasese
Mimi niliambiwa kifafa kinaletwa na nguruwe asiyeiva. Ndugu yangu aliambiwa ana minyoo kichwani.

#24 Mchomaji_Wandegeya
Naona sasa mmefika kwenye kazi yangu! Dada, nyama yangu inaiva mpaka mfupa unaachia. Tusiharibiane biashara.

#25 Musawo_Mbale
Mchomaji tulia, nakutetea nusu. Ukila nguruwe mwenye vifuko vya tegu, na nyama haikuiva, unapata tegu tumboni. Huyo hakai kichwani. Lakini aliye na tegu anatoa mayai chooni, na akitoka bila kunawa mikono akakushikia chakula, au mboga zikinyunyiziwa maji machafu, wewe ukimeza yale mayai ndipo vifuko huenda kwenye ubongo na kuleta kifafa. Kwa hiyo hata Mwislamu wa Bombo asiyegusa nguruwe anaweza kupata. Choo na sabuni vina kazi kubwa kuliko makaa yako, ingawa makaa nayo yasipungue.

#26 Kijana_wa_Bombo
Subhanallah. Kumbe na mimi nimo.

#27 Mchomaji_Wandegeya
Ndoo ya maji na sabuni ziko mlangoni kwangu. Karibuni wote, Bombo utapewa kuku.

#28 Binti_Pader
Asanteni wote, nimesoma kila neno. Turudi Pader kidogo. Kuna binti wa jirani yetu, naye alisinzia kichwa utotoni. Dawa ya valproeti ilimsaidia sana, haanguki tena kama zamani. Sasa ameolewa na anataka mtoto. Mama mkwe anamwambia aache dawa leo leo kwa sababu inaharibu mimba. Duka la dawa moja likamwambia aendelee tu hakuna shida. Nani asikilizwe?

#29 Musawo_Mbale
Wote wawili hapana. Mama mkwe ana sehemu ya ukweli: valproeti huongeza hatari ya mtoto kuzaliwa na mgongo wazi, na watoto wa mgongo wazi tunawaona hapa Mbale wakiletwa kutoka kila kona ya nchi. Lakini akiiacha ghafla kifafa kinaweza kumrudia kwa mfululizo usiokatika, na huo unaua mama na mimba. Aende kliniki ya kifafa kabla hajashika mimba, aeleze wazi kwamba anataka mtoto. Watampangia dawa nyingine na kupunguza hii polepole, na waanze kumpa foliki asidi mapema. Tafadhali mpeleke wewe mwenyewe, usimwache aende na mama mkwe.

#30 VHT_Lamwo
Binti, na mkienda aulizwe kama amewahi kukosa dawa zilipoisha kituoni. Kwetu hilo ndilo linalorudisha watu nyuma. Zikiisha mgonjwa anakaa wiki nzima bila kidonge, akianguka wanasema cen zimerudi, wanamwita mganga, na pesa ya nauli ya kwenda kufuata dawa inaishia kwa mbuzi wa kafara.

#31 Mwalimu_Arua
VHT, hapo kwenye dawa kuisha nakuunga mkono. Ila swali langu la #10 nalibakiza mezani. Miaka ya 1980, kabla fimbo yako ya kupimia haijafika Moyo, watoto wetu nao waliumwa na inzi tangu wanatambaa. Kama kuna mtu humu wa Moyo au Adjumani mwenye bibi anayekumbuka watoto waliosinzia sahani ikiwa mbele, aje aseme.

#32 Mto_Madi
Mwalimu, mimi ni wa Adjumani. Nitampigia bibi kesho, mtandao wa kule ukikubali.